Picha Isiyo na Mtu

Huyo Kituku nilitaka kumpiga. Nasema mapema ili ijulikane. Nilitoka Rukanga kwa miguu mpaka Maungu kutafuta lori la Voi, miguu mitupu, maana viatu vyangu alikuwa navyo yeye mwenyewe Kituku, na njia yote ile ya vumbi nilikuwa nachagua: nianze na pua ama nianze na mdomo.

Lakini ngoja nianzie pale ilipoanzia. Ukianza na ngumi watu wanasema, aa, huyu ni mmoja wa wale vijana waliomaliza shule wakakosa kazi, hasira yao ni njaa tu. Ni kweli nimemaliza shule. Ni kweli nimezunguka Voi yote, stesheni, karakana ya reli, maduka ya Wahindi, na kila mahali naambiwa rudi mwezi ujao. Hiyo ni hasira nyingine, iko kando. Hii ninayosema hapa ni ya baba.

Baba yangu ni Fanuel. Wakati wa vita vya Hitler alichukuliwa jeshini, upande wa mizinga, na meli iliyokuwa inawapeleka Asia ikapigwa na Wajapani katikati ya bahari. Ikazama na watu wake. Mimi nilikuwa bado sijaanza shule. Chifu aliletewa habari, akamwambia mama, mama akalia, na ikawa basi. Hakukuja maiti, hakukuja sanduku, hata kofia haikuja. Na kwa sababu hakukuja kitu, baba mkubwa akasema matanga hayawezi kukaliwa. Mtakaa matanga ya nani? Ya upepo?

Baba mkubwa ni Mwandawiro, kaka yake baba, mzee wa kanisa. Anavaa koti hata jua likiwa la kuua kuku. Sasa sikiliza hesabu yake. Kama matanga hayajakaliwa, Fanuel hajafa. Kama Fanuel hajafa, shamba lake halina mrithi. Na kama halina mrithi, nani atalitunza mpaka mwenyewe arudi? Si kaka yake?

Na lile shamba ni shamba. Liko pale chini ya mlima Kasigau, pale mfereji unapotoka kwenye mawe na maji yake. Watu wengine wakilia mvua, pale mahindi yanacheka. Mwanzo baba mkubwa alichukua kipande cha pembeni. Kila msimu jembe lake likasogea kidogo kama mtu anayevuta blanketi usiku. Mama alikuwa ananyamaza. Mimi nilikuwa shule. Nilipomaliza nikarudi, nikakuta mama analima kule juu kwenye kokoto, mahali nyani wanakula kabla yake.

Nikauliza, "Mama, kwa nini uko huku?"

"Huku kuna hewa," akasema.

Hewa! Nilitaka kung'oa mlima.

Basi nikaitisha kikao. Kijana mzima nikaitisha kikao cha wazee, uso mkavu. Wakaja, kwa sababu waliambiwa kuna dengelua, na pombe ya miwa haikosi wajumbe. Tukakaa uwanjani kwa nyanya, mama yao baba na baba mkubwa. Yeye nyanya alikaa mlangoni kwake anachagua pojo kwenye ungo, anatupa mawe, haangalii mtu. Alikuwa hivyo miaka yote. Ukimuuliza habari ya zamani anasema macho yangu hayaoni vizuri, kama kwamba swali liliulizwa macho.

Baba mkubwa akasimama na fimbo yake.

"Huyu mtoto amesoma, kwa hiyo ana haraka," akasema. "Mimi nina neno moja tu. Kaburi la baba yetu ni lile pale." Akanyoosha fimbo kwenye rundo la mawe nyuma ya nyumba ya nyanya. Kila mtu anajua ni kaburi la babu, sisi wote tumekua tunakatazwa kulikalia. "Kila mtu analiona. Mimi ni mwana wa yule, nalima shamba la yule. Sasa la Fanuel liko wapi? Nionyesheni. Mimi sioni. Labda Fanuel yuko Mombasa na mke mwingine, amenenepa."

Watu wakacheka. Jirani yetu Josephat, ambaye hawezi kuacha mzaha hata kanisani, akasema, "Kama amenenepa si aje tumwone, hapa nyama ni haba."

Wakacheka tena. Nikamwangalia mama. Alikuwa anafunga leso yake kiunoni, anafungua, anafunga. Hakuna mtu alimwangalia yeye. Walikuwa wanamcheka mume wake mbele yake, na bakuli walizoshika ni zile yeye aliosha.

Nikasimama. "Baba mkubwa, ukionyeshwa mahali alipolala, utatoka kwenye shamba?"

"Nikionyeshwa kwa macho yangu? Siyo kwa hadithi za kitabu?"

"Kwa macho yako."

"Siku hiyo," akasema, na akageuka ili wote wamsikie, "nitakaa matanga mimi mwenyewe. Na jiwe la kwanza la kaburi nitabeba mimi, na koti langu hili hili."

"Mmesikia wote?" nikauliza.

"Tumesikia," wakasema, lakini kwa ile sauti ya kumwambia mtoto ndiyo ili alale.

Nyanya akatupa jiwe kutoka kwenye ungo. Tik. Siku ile nilimkasirikia yeye kuliko wote. Huyu Fanuel anayesemwa si ulimzaa wewe?

Ndiyo nikaenda Voi kwa Kituku.

Phineas Kituku ni Mkamba, ana studio yake nyuma ya soko. Alifundishwa na Mgoa mmoja, Mhindi wa Goa, kule Mombasa. Ndani ana pazia limechorwa ngazi za jumba la kifalme, na watu wa Voi wote wamepigwa picha wanashuka ngazi hiyo, hata makuli wa reli, hata mama wa kuuza ndizi. Ana saa ya mkono isiyotembea, anakuazima uvae ukipigwa. Ana miwani isiyo na vioo. Mtu akiingia pale analia njaa, akitoka kwenye picha ni karani.

Nikamwambia nataka kamera.

"Unataka picha," akanisahihisha.

"Nataka kamera. Niende nayo Mombasa nirudi."

Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, na macho yakakaa miguuni. Ndipo viatu vyangu vya shule, ambavyo mama alivitafuta kwa jasho, vikabaki kwake rehani. Akanipa kamera ya sanduku, nyeusi, imefungwa kamba mahali ngozi ilikatika. Akanionyesha kidirisha cha juu cha kuangalia, akaweka filamu.

"Unakwenda kupiga nani?" akauliza.

"Baba yangu."

"Yuko Mombasa?"

"Yuko baharini."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kumbe hakuelewa kitu. Ama alielewa zaidi. Mpaka leo sijui.

Nikapanda treni, daraja la tatu, tumebanana na kuku. Mombasa nikauliza bahari ile kubwa iko wapi, siyo hii ya bandarini yenye meli na moshi. Wakanielekeza kule mnara wa taa. Nikaenda kwa miguu, lami inachoma nyayo.

Nitasema ukweli. Nilikuwa sijawahi kuona bahari. Nilifikiri nikifika nitaona kitu. Sijui kitu gani. Alama. Mahali maji yamebadilika rangi. Meli imezama na watu wengi vile, wanaume wazima na bunduki zao, lazima maji yanaonyesha, hata kidimbwi ukitupa jiwe kinaonyesha. Nikasimama pale juu ya mawe nikaangalia, na hakukuwa na kitu. Maji, halafu mstari, halafu mbingu. Basi. Nikaangalia kushoto, ni hivyo hivyo. Nikaangalia kulia, ni hivyo hivyo. Nikaingiwa na hasira mpaka meno yakauma. Nikaitukana. Bahari, naitukana kwa Kidawida, lugha ya kwetu, mtu mmoja aliyekuwa anauza mihogo ya kuchoma akahamisha kiti chake.

Akaniuliza kutoka mbali, "Kijana, wagombana na nani?"

"Na huyu," nikasema, nikaonyesha maji.

"Huyo hajibu, mwanangu," akasema. "Wengi wamejaribu."

Nikatoa kamera. Palikuwa na watoto wanaogelea, nikangoja waondoke. Palikuwa na ngalawa, nikangoja ipite mpaka ikatoka kwenye kidirisha. Palikuwa na stima mbali huko inatoa moshi, nikangoja imezwe. Sikutaka mtu yeyote wala chombo chochote kwenye ile picha, kwa sababu baba hayuko kwenye chombo. Chombo kilimwacha. Niliweka kamera juu ya ukuta wa mawe ili mstari usipinde, nikashika pumzi, nikapiga. Nikazungusha filamu, nikapiga tena. Filamu yote nikaimaliza kwa kitu kimoja: nusu maji, nusu mbingu. Yule wa mihogo alisimama nyuma yangu akatazama kule ninakoelekeza, akanitazama mimi, akatazama tena.

"Wapiga nini?" akauliza.

"Kaburi," nikasema.

Akanipa muhogo.

Nikarudi Voi, Kituku akasafisha ile filamu. Akaniambia subiri nje, nikasubiri nje nusu siku. Nikasikia anacheka peke yake kwenye chumba cha giza, halafu kicheko kikakatika. Akatoka na bahasha imefungwa kwa gundi.

"Usifungue njiani," akasema. "Jasho la mkono linaharibu picha ikiwa mbichi. Fungua nyumbani, mbele ya wenyewe. Watafurahi."

"Viatu vyangu?"

"Kuna kazi ya ziada humo. Lete kuku, uchukue viatu."

Sikuelewa kazi gani ya ziada, lakini lori la Maungu lilikuwa linanguruma, nikakimbia.

Sasa fikiria mimi. Watu wamekaa tena uwanjani kwa nyanya. Nimewaita mimi. Mama amevaa leso yake ya kanisani. Nikasimama nikasema maneno niliyofanya mazoezi njiani: kwamba baba yangu Fanuel hana kaburi la udongo, kaburi lake ni hili, hakuna mtu ndani yake, hakuna alama juu yake, na nimelileta ili baba mkubwa alione kwa macho yake. Nikapasua bahasha, nikatoa picha, nikampa bila kuiangalia, kwa heshima, kwa mikono miwili.

Akaiangalia. Akaisogeza karibu. Halafu yule mzee akaanza kutabasamu, polepole, kama anayesikia harufu ya nyama.

"Kweli," akasema. "Kweli kabisa. Mwanangu umefanya kazi nzuri. Huyu ni nani?"

"Huyu nani?"

"Huyu hapa kwenye mashua."

Nikamnyang'anya. Na pale, katikati ya bahari yangu, juu ya mstari wangu, palikuwa na mashua. Na tanga. Pembeni mnazi umeinama, mnazi, mimi nilisimama pale na hapakuwa na mnazi! Na ndani ya mashua mtu mdogo, mweusi, amechorwa kwa wino na brashi nyembamba, amenyanyua mkono.

Anapunga mkono.

"Ni Fanuel," baba mkubwa akatangaza, na picha alikuwa ameshaichukua tena, anawapitishia watu. "Mwana mwenyewe amekwenda kumpiga picha. Tazameni, ana afya. Anatusalimu. Na nyinyi mlikuwa mnataka nikae matanga ya mtu anayesalimu!"

"Eh, hata amenenepa kidogo," Josephat akasema, ameishika picha karibu na pua.

Nikapiga kelele kwamba imechorwa. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika. Lakini wewe jaribu kuwaeleza watu kwamba picha uliyoleta wewe, uliyoisifu wewe, ni ya uongo. Wakainuka mmoja mmoja. Mama hakupiga kelele. Alikuja akaniuliza kwa sauti ndogo sana, "Obadiah, ni yeye?" Na macho yake, jamani. Kwa dakika ile moja mama yangu aliamini. Ile ndiyo sitamsamehe Kituku. Shamba sawa, lakini ile sitamsamehe.

"Siyo yeye, mama," nikasema. "Ni wino."

Nyanya alikuwa mlangoni kwake. Picha ilipompitia, aliisukuma kwa mgongo wa mkono. "Hiyo siyo bahari," akasema, akarudi kwenye ungo. Nilidhani anasema ovyo. Nyanya gani wa Rukanga anajua bahari?

Ndiyo hiyo safari ya miguu mitupu niliyoanza nayo.

Nilimkuta Kituku anampiga picha bwana mmoja wa posta kwenye ngazi zake za jumba. Nikamshika shati mbele ya mteja.

"Nani alikuambia uchore?"

"Ngoja, ngoja, ngoja kijana, shati lina vifungo—"

"Nani alikuambia!"

Bwana wa posta akatoka na miwani isiyo na vioo bado usoni. Kituku akamwangalia anavyoondoka, akaniangalia mimi, na sasa na yeye akakasirika.

"Wewe!" akasema. "Mimi nimepiga picha maharusi, nimepiga maiti, nimepiga polisi, nimepiga mbuzi wa maonyesho. Sijaona mtu analeta filamu nzima haina kitu! Nikatazama ya kwanza, hakuna. Nikasema labda ya pili. Hakuna. Ya mwisho, hakuna! Nikacheka, nikasema huyu mjinga alisahau kumpiga baba yake. Halafu nikakumbuka ulivyosema. Baba yangu yuko baharini. Nikaona aibu kwa kucheka. Nikasema, mtoto ametoka mbali, picha haina baba. Nikamtilia baba."

Nikamwachia shati.

"Na ule mkono?" nikauliza. "Kwa nini anapunga?"

"Sasa atafanya nini mwingine?" akasema Kituku. "Yuko mbali, nyinyi mko nyumbani. Atapunga."

Ngumi niliyokuja nayo kutoka Rukanga ilikuwa bado iko, lakini haikuwa na mahali pa kwenda. Ukimpiga mtu kwa uovu wake unashiba. Huyu alinitilia baba. Nikapiga ukuta, nikaumia vidole. Nikamwambia yote: meli, Wajapani, shamba, mama alivyoniuliza ni yeye. Aliposikia hiyo ya mama akakaa kwenye kile kiti cha kupigia picha, akafungua ile saa isiyotembea akaiweka chini.

"Ingia," akasema.

Akanipeleka kwenye chumba cha giza, taa nyekundu, harufu ya dawa kali kama siki. Akaweka karatasi kwenye besini. Ilikuwa nyeupe, haina kitu. Halafu mstari ukaja. Ulianza huo kabla ya kitu kingine chochote, mwembamba, kutoka upande huu mpaka upande ule, halafu chini yake maji yakawa meusi polepole, na juu mbingu ikabaki vile vile.

"Mimi nisingelipia picha kama hii," Kituku akasema kwa sauti ya chini. "Lakini imenyooka."

Akanipa ikiwa imekauka kabisa, akanionyesha mbele na nyuma ili nione hakuna hila. Viatu akavileta mwenyewe. Sikumwambia asante. Hata sasa sijamwambia.

Nilifika Rukanga Jumapili watu wametoka kanisani, na wako wapi? Kwa nyanya tena, kwa sababu baba mkubwa amewaita wamsaidie kusafisha mfereji wa "shamba la ndugu yangu". Ndivyo alivyosema, na ile picha ya Kituku iko kwenye mfuko wa koti lake, anaitoa kila mtu akipita. Majembe yameegemea kwenye kaburi la babu.

Nikapita katikati yao, sikumsalimu mtu. Mama akaniona uso akasimama. Nilitaka kumrushia baba mkubwa ile picha usoni, lakini kusema kweli nilikuwa nimechoka na nilijua atasema nini. Atasema iko wapi mashua. Kwa hiyo nikaenda mlangoni kwa yule asiyesema, nikamwekea kwenye ungo, juu ya pojo.

"Nyanya, ulisema ile siyo bahari. Haya."

Aliichukua ili aitupe kama jiwe. Kisha hakuitupa. Akaigeuzia kivuli. Akaitazama mpaka Josephat akaacha kuongea.

"Nani alipiga hii?" akauliza.

"Mimi."

"Maji yalikuwa yanakuja au yanarudi?"

"Yalikuwa yanarudi."

"Ndiyo," akasema. "Hakuna kitu."

Nikaanza kujitetea. "Ndiyo, nyanya, hakuna kitu, ndivyo—"

"Ndivyo ilivyokuwa," akasema. "Hivi hivi. Mwandawiro, njoo uone."

"Mama, jua ni kali, tuna kazi ya mfereji."

"Njoo uone, nimesema."

Akaja na fimbo yake. Na nyanya, ambaye maisha yangu yote sijamsikia akisema maneno matano yakafuatana, akaanza. Hakupandisha sauti. Alisema, vita vya Wajerumani, vile vya kwanza, vilipokuja hapa Kasigau, serikali ilisema sisi tumewaonyesha Wajerumani njia. Wakatuswaga wote mpaka Malindi, wazee, watoto, wote. Hiyo tulikuwa tunaijua juu juu, sisi vijana, ilisemwa kama jambo la watu wengine. Akasema huko homa iliwaua watu kama nzi. Akasema babu yangu alikufa huko.

Nikageuka nikaangalia lile rundo la mawe. Kila kijana pale aligeuka. Wazee hawakugeuka. Walikuwa wanaangalia vidole vyao vya miguu.

"Hatukupewa ardhi ya kuzika," nyanya akasema. "Tukamzika mchangani. Mvua kubwa ikaja, bahari ikala ule ukingo. Asubuhi nikaenda, hakuna kaburi. Nikanyanyua macho." Akainua picha. "Nikaona hii. Na huyu hapa alikuwa mkubwa vya kutosha, alikuwa ameshika nguo yangu nyuma. Mwandawiro, uliona au hukuona?"

"Mama, wacha haya mambo mbele ya watu."

"Tuliporudi huku, nilisema watoto hawa hawatakuwa na mahali. Nikasema tuweke mawe. Nani alibeba yale mawe?"

Baba mkubwa akachora vumbi kwa ncha ya fimbo.

"Nani alibeba?"

"Mimi," baba mkubwa akasema.

"Chini yake kuna nini?"

Yule mzee wa kanisa akashika kola yake. Koti lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho.

"Kuna nguo yangu," nyanya akasema. "Ile uliyoshika. Basi, hakuna mfupa, hakuna ukucha. Na shamba la baba yako ulichukua, na hakuna mtu alikuuliza yuko wapi. Sasa unamuuliza mke wa ndugu yako?"

Nilidhani nitafurahi. Ndugu yangu, sikufurahi hata kidogo. Hasira ilipanda upya, na safari hii haikuwa na mtu mmoja. Wazee wale wote walikuwa wanajua! Walikunywa dengelua ya mama yangu wakacheka "kaburi liko wapi", na wenyewe wana makaburi ya mawe matupu nyuma ya nyumba zao. Na nyanya mwenyewe! Mama analima kwenye kokoto, yeye anachagua pojo.

"Kwa nini hukusema?" nikamwuliza, na sikutumia adabu. "Miaka yote hii, nyanya, kwa nini hukusema?"

Akanitazama kwa yale macho anayosema hayaoni.

"Niliapa sitaiona tena," akasema, akagusa picha. "Mkiniuliza habari ya shamba nilinyamaza. Neno la shamba linaanzia kwenye kaburi lile, ningelisemaje bila kuiona tena bahari? Sasa umeniletea mlangoni. Usinipigie kelele. Nenda kachimbe."

Mama ndiye aliyechukua jembe, moja katika yale yaliyoletwa kusafishia mfereji. Akachimba kando ya rundo la babu. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma kwa kiwiko. Shimo halikuhitaji kuwa refu, picha yenyewe ni kama kiganja. Alifungua leso yake ya kanisani, akaifunga ile picha ndani yake, bahari yote ile ikawa kifurushi kidogo, akaiweka. Hapo ndipo alipolia. Ilikuwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, ya chini, ya mtu anayeshusha mzigo na mgongo bado unauma. Wanawake wakaja wakakaa naye chini. Hakuna aliyewaita.

Baba mkubwa alikuwa anaondoka. Polepole, kwa upande wa ghala, kama mtu anayekwenda kujisaidia.

"Mzee wa kanisa," Josephat akamwita, na kwa mara ya kwanza sikusikia mzaha kwenye sauti yake. "Jiwe la kwanza."

Akasimama.

"Na koti hilo hilo," mtu mwingine akasema.

Alinitazama. Labda alitaka niseme haidhuru, baba mkubwa, wewe ni mtu mzima, wacha vijana wabebe. Shule walitufundisha maneno hayo ya adabu. Nikayameza. Nikavaa viatu vyangu, nikafunga kamba, nikasimama kando ya shimo.

Akatoa ile picha ya mashua mfukoni, hakujua aiweke wapi, akaidondosha. Akaenda mferejini. Akarudi ameinama, amekumbatia jiwe kifuani kwa mikono miwili, udongo umeshika koti lote mbele. Akainama ili aliweke.

Nikaliangalia.

"Hilo dogo, baba mkubwa," nikasema. "Rudisha. Lete lingine."